MACHO MAWILI SI PAMBO

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Ukimwuliza mtu kwa nini tuna macho mawili, mara nyingi atakujibu kwamba moja ni la akiba, ili jingine likiharibika tusiwe vipofu. Jibu hili lina kweli, lakini si kweli yote. Macho mawili hufanya pamoja kazi ambayo jicho moja haliwezi kuifanya vyema, nayo ni kupima umbali wa vitu vilivyo karibu nasi.

Macho yetu yameachana kama sentimita 6, kwa hiyo kila jicho huona picha iliyo tofauti kidogo na ya mwenziwe. Inua kidole gumba mbele ya uso, fumba jicho la kulia, kisha la kushoto. Utakiona kidole kama kinaruka. Ubongo huzilinganisha picha hizo mbili, na kwa tofauti yake hujua kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma. Mwingereza Charles Wheatstone alilionyesha jambo hili mwaka 1838 kwa chombo chenye vioo viwili. Picha mbili bapa, kila moja ikitazamwa kwa jicho lake, zilionekana kuwa kitu kimoja chenye kina.

Nendeni Kariakoo mkaone faida yake. Muuza kahawa humimina kutoka katika dele hadi kikombe kidogo bila kumwaga. Fundi cherehani hutunga uzi katika tundu la sindano. Lakini basi la mwendokasi lijalo kwa mbali katika Mtaa wa Msimbazi ni habari nyingine, maana kwa mbali tofauti ya picha huwa ndogo mno, nasi hutegemea jinsi basi linavyozidi kuonekana kubwa. Ndiyo sababu mtu wa jicho moja aweza kuvuka barabara na kufanya kazi nyingi. Si haki kumnyima kazi kwa kumdhania tu.

Shauri langu lahusu watoto. Mtoto mwenye makengeza, au ambaye jicho lake moja ni dhaifu, hupata picha mbili zisizopatana. Ubongo wake huikataa moja, na jicho lililokataliwa hubaki nyuma. Mwenyewe hajui, kwa kuwa hajapata kuona namna nyingine. Akimwaga chai huitwa mzembe. Akikosa mpira huchekwa. Na mwenye makengeza hupewa jina la utani. Hivyo twamwadhibu kwa tabia, kumbe kosa ni la macho.

Dawa ipo: miwani, kulifunika jicho zima kwa saa kadhaa kila siku ili lile dhaifu lifanye kazi, na kwa wengine upasuaji. Hapa Dar es Salaam, Muhimbili na CCBRT wana madaktari wa macho. Lakini dawa hiyo hufaa zaidi mtoto akiwa hajapita miaka 7 hivi. Udongo uwahi ungali maji.

Kwa hiyo naona kila mtoto anayeingia Darasa la Awali apimwe macho, kila jicho peke yake. Wako watakaosema kwamba walimu wana kazi nyingi na fedha ni chache. Ni kweli, lakini kipimo hiki cha kwanza chataka karatasi yenye alama za kupimia, kamba ya kupima mita chache, na dakika chache kwa kila mtoto. Mwalimu hatakiwi kutibu; atambue tu, kisha amwarifu mzazi. Nasi wanafunzi wakubwa twaweza kusaidia wakati wa likizo, kwa kushika kamba na kuandika majina.

Nanyi wazazi wetu, msingoje shule. Kabla ya kumwita mtoto mzembe, mfunikeni jicho moja, kisha jingine, mkamwulize anaona nini.