Maporomoko pekee hayatalisha Maniema

Kila utalii unapotajwa mjini Kindu, orodha huwa ileile: mto Lualaba, msitu, maporomoko, mabwawa ya asili yenye maji safi. Kisha mazungumzo huishia kwa neno moja: wawekezaji. Orodha hiyo ni ya kweli. Kasoro yake ni kwamba inamsahau mkulima wa kahawa, na bila yeye mgeni atakuja, atapiga picha, ataondoka, na kijiji kitabaki kama kilivyokuwa.

Mfano uko Tanzania, chini ya mlima Kilimanjaro. Si kila mgeni anayefika mji wa Moshi hupanda hadi kilele cha mita 5,895. Wengine hawana nguvu, wengine hawana pesa. Hao hupelekwa Materuni, kijiji kilicho chini ya kilomita 20 kutoka mjini. Wanatembea kati ya migomba hadi kwenye maporomoko, wanaoga, kisha wanakaa uani kwa mkulima. Hapo wanatwanga kahawa kwenye kinu, wanaikaanga juu ya moto na kuinywa. Baadaye wengi hushuka hadi Chemka, chemchemi iliyozungukwa na miti, ambako watu huogelea. Jina linatisha, lakini maji yake hayaunguzi.

Katika safari hiyo, maporomoko ni sababu ya kuja tu. Kinacholeta pesa kijijini ni njia, ambayo kijana wa hapo ndiye anaijua, na kahawa, ambayo mama wa hapo ndiye anaikaanga. Kahawa ileile ikiuzwa kwa gunia, bei yake hufuata masoko ya New York na London. Ikinywewa uani, bei inapangwa na mwenye uwanja. Kilo chache zilizokaangwa nyumbani zinaweza kumpa mkulima faida ambayo hapati sokoni.

Tena, Wachagga hawakungoja watalii ndipo wajipange. Muungano wao wa ushirika wa kahawa, KNCU, ulianzishwa mwaka 1933. Mgeni alipofika, alikuta watu waliokwisha zoea kuhesabu pamoja na kudai pamoja.

Maniema nayo ina la kumwonyesha mgeni. Mashariki ya Kindu nchi inapanda kuelekea milima ya Kivu, na kutoka huko hushuka mito Elila, Ulindi na Lowa hadi Lualaba. Kahawa pia si ngeni. Robusta ni mti wa misitu ya Congo. Karibu na mwaka 1900 miche yake ilitoka hapa hadi Brussels, ikapelekwa Java, ambako ugonjwa wa kutu ya majani ulikuwa umeharibu arabica. Leo Vietnam ndiyo inaongoza duniani kwa robusta, huku nchi ya asili ya mti huo ikiwa imeacha mashamba mengi yaote vichaka. Vita, ugonjwa wa mnyauko, barabara mbovu na bei ya chini vilimkatisha mkulima tamaa. Hadithi hiyo ya robusta inatosha kumkalisha mgeni saa nzima, kama kuna mtu wa kumsimulia na kikombe cha kumpa.

Tatizo la kwanza ni jinsi maji yanavyotazamwa. Wabelgiji waliyaona maporomoko ya mto huu kuwa kizuizi, wakajenga reli ya kuyakwepa kati ya Kisangani na Ubundu, na nyingine kati ya Kindu na Kongolo. Huko Kalima, maji ya Lutshurukuru yalitumiwa kuzalisha umeme wa migodi. Siku hizi mto unatazamwa kwa ajili ya dhahabu iliyo chini yake. Wakaaji wa Shabunda, katika jimbo jirani, waliona mashine zikichimbua kitanda cha mto Ulindi. Dhahabu ikiisha, mashine huondoka. Kinachobaki ni matope, na bwawa la matope halina mtu atakayelipa kuogelea ndani yake. Wala mama hawezi kuteka humo maji ya kunywa.

Kuna watakaosema kwamba mambo haya ni ndoto. Maniema haina Kilimanjaro, barabara zinakatika msimu wa mvua, na tangu Goma na Bukavu zianguke mwanzoni mwa 2025, nani atakuja kutembea? Hoja hiyo ina uzito, na hakuna anayepaswa kumpeleka mgeni mahali ambapo wenyeji wenyewe wanakimbia. Lakini inadhani kwamba mgeni lazima awe Mzungu anayeshuka ndege. Kisangani inaonyesha vinginevyo: wavuvi wa Wagenia na mitego yao hutazamwa pia na Wacongomani wenyewe. Mgeni wa kwanza wa Maniema ni mwalimu, mwanafunzi, mfanyabiashara na familia ya Kindu wenye siku moja ya mapumziko. Anahitaji pikipiki nzima, njia salama, chakula na kikombe cha kahawa. Hahitaji hoteli ya nyota tano.

Basi kazi ianze kwa madogo, na ianze kabla mkataba wowote haujatiwa sahihi. Bunge la jimbo na gavana waseme wazi ni vijito na mabwawa gani hayataguswa na mashine za dhahabu, na wayatetee hata Kinshasa, ambako leseni za madini hutolewa. Ada ya kuingia iwe moja, ilipwe kijijini, na kiasi chake kiandikwe ubaoni pamoja na matumizi yake. Mgeni anayesimamishwa kwenye vizuizi vitatu na kuombwa pesa kwenye kila kimoja hatarudi, na atawaambia wenzake. Waongozaji wawe vijana wa hapo. Wakulima wasaidiwe kupata miche inayohimili mnyauko na kuunda vyama vyao, hata kama hakuna mtalii hata mmoja, kwa sababu kahawa ina faida yake yenyewe.

Mpango huu hauna hasara kubwa. Wageni wasipokuja, kijiji kitabaki na mto safi na kahawa ya kuuza. Lakini jimbo likianza na wawekezaji na kuwaacha wakulima mwishoni, wageni wasipokuja kitabaki kibao cha matangazo kando ya barabara. Na wakija, wenye kijiji watakuwa walinzi wa lango la maporomoko yaliyokuwa yao.