Leso Iliyokatwa Jina

Kila Disemba, wageni wa bara na wa ng'ambo wafurikapo Mombasa, maonyesho ya mavazi huwa hayaishi, na leso ndiyo huvuta macho. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni na mkasi.

Leso ina pindo, mji na jina. Jina hilo, lililoandikwa zamani kwa herufi za Kiarabu na baadaye za Kirumi, lilienezwa na wafanyabiashara kama Kaderdina Hajee Essak wa papa hapa Mombasa, mwenye chapa ya "Mali ya Abdulla". Mnunuzi hodari hulisoma jina kwanza, rangi baadaye, kwani ndilo litakalomwambia mume, wifi au jirani lile asiloweza kulitamka mwenyewe.

Katika onyesho moja nililohudhuria, fundi alikuwa amelipasua neno MPENZI katikati: MPE ikabaki begani, NZI ikaangukia kiunoni. Ukumbi ukapiga makofi. Wanafunzi wawili niliofuatana nao hawakuona kasoro, nao, jamani, wanasomea isimu!

Hao ndio wanaonitia hofu, si mtalii. Nyanya zao, hata wasioketi darasani, waliweza kuteta kwa doti moja siku nzima bila kufungua kinywa. Sisi walimu tunafundisha methali kwa orodha ubaoni, ilhali kitambaa chenye methali kimefunikwa mezani pa chai. Na huyo mbunifu angalipima vyema kabla ya kukata, jina lingalikaa zima mgongoni.