Pavarotti na baba yake mwoka mikate

Wiki hii tuachane kidogo na madansi, twende Italia kwa yule bwana mnene mwenye ndevu na leso nyeupe mkononi, Luciano Pavarotti. Wengi walimjua kupitia soka. Mwaka 1990, mkesha wa fainali ya Kombe la Dunia, alipanda jukwaani Roma na Wahispania wawili, Placido Domingo na José Carreras, na tangu hapo hata asiyejua opera ni mdudu gani akalijua jina lake.

Mimi lakini anayenikuna zaidi ni baba yake. Mzee Fernando alikuwa mwoka mikate mjini Modena, na sauti alikuwa nayo, tena ya haja. Tatizo woga! Jukwaa lilimtia kiwewe, akabaki kuimba kwaya na kurudi kwenye tanuri lake. Mama naye kibarua kiwanda cha tumbaku. Mwaka 1955 baba na mwana wakaenda na kwaya yao mashindano ya Llangollen, kule Wales, wakabeba nafasi ya kwanza. Luciano ana miaka 19, basi akili ikamhama: anataka kuimba tu.

Usidhani mambo yalinyooka. Mwalimu wake, Arrigo Pola, alimfundisha bure maana nyumbani pesa hakuna. Jamaa akashika chaki shule ya msingi, akauza bima, lakini kupiga domo na wateja kulimchosha sauti, akaacha. Miaka ya kuungaunga hiyo, jamani! Aprili 1961, baada ya kushinda shindano Reggio Emilia, ndipo akapewa kuigiza Rodolfo katika La Bohème. Mwaka 1972, Metropolitan Opera ya New York, akapiga noti tisa za juu kabisa katika wimbo mmoja, ukumbi ukataka kubomoka.

Simpambi. Kwa kukacha maonyesho alikuwa hodari: Chicago walimfungia milango mwaka 1989, maana kati ya maonyesho 41 alikacha 26.

Alifariki Modena, Septemba 6, 2007, kwa saratani ya kongosho. Kwenye mazishi, kanisa kuu limefurika, ikapigwa rekodi ya zamani: Luciano akiimba pamoja na mzee Fernando, aliyetangulia mwaka 2002. Watu wakasimama, wakapiga makofi. Yule mzee aliyeogopa jukwaa naye akapigiwa.