Mfiwa Asiye na Cheti

Nakuandikia kuhusu wafiwa waliotakiwa, mwaka 2001, kuonyesha cheti ambacho hakuna ofisi hata moja Marekani iliyokuwa ikikitoa.

Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, Bunge la Marekani liliunda mfuko wa fidia, na usimamizi wake akapewa mwanasheria Kenneth Feinberg. Familia za marehemu 2,880 zililipwa, kwa wastani zaidi ya dola milioni 2 kila moja. Kilichopimwa ni hasara: kipato ambacho marehemu angeendelea kukipata, kisha dola 250,000 kwa ajili ya mateso, na 100,000 kwa mwenzi na kwa kila tegemezi. Hata familia za wahamiaji wasio na vibali ziliruhusiwa kudai, na huo ulikuwa uungwana mkubwa. Lakini kuhusu nani apokee, Feinberg alifuata wosia na sheria za jimbo alikoishi marehemu. Hapo ndipo wenza wa jinsia moja walipokwama. Wakati huo hakuna jimbo lililokuwa likiwafungisha ndoa. Massachusetts ilikuwa ya kwanza, mwaka 2004. Mtu aliyeishi na mwenzake miaka mingi, wakilipa pamoja mkopo wa nyumba, akabaki kutegemea huruma ya wazazi na ndugu wa marehemu. Wapo walioipata. Wengine waliishia kugombana nao huku wote wakiwa na msiba.

Uchungu huu tunaujua. Nani kati yetu hajasikia habari za mjane aliyefungiwa mlango na mashemeji kabla matanga hayajaanuliwa? Tunamtetea kwa sababu tuliona nani alimuuguza marehemu na nani alihangaika naye kutafuta karo. Najua wengi wetu tuna imani zisizokubali mahusiano ya jinsia moja. Sikuombi uiache imani yako. Naomba tu kwamba aliyenyang'anywa mwenzake na magaidi asinyang'anywe nyumba pia.

Inawezekana. Oktoba 2001 Gavana George Pataki wa New York aliagiza bodi inayowalipa waathirika wa uhalifu iwahudumie wenza hao kama wanandoa, mradi waonyeshe kwamba waliishi kwa kutegemeana. Juni 2002 Rais George W. Bush alitia saini sheria yenye jina la Padri Mychal Judge, kasisi wa zimamoto aliyefia World Trade Center. Kwa sheria hiyo, polisi au mzimamoto akifa kazini bila mke, mume, wala mtoto, fidia ya serikali kuu humwendea yule aliyemwandika kwenye bima yake ya maisha.

Kazi haijaisha. Mfuko ulifunguliwa upya mwaka 2011, na sasa umeongezewa muda hadi 2090, kwa kuwa vumbi la majengo yale bado linaua watu. Kwa hiyo wewe uliye New York au New Jersey, ukimjua jirani aliyemuuguza mwenza wake bila cheti cha ndoa, jitolee kumwandikia ushahidi. Taja anwani waliyoishi, miaka uliyowajua na uliyoyaona kwa macho yako. Kama unashughulikia masuala ya wafanyakazi, wakumbushe kujaza jina la mrithi kwenye bima na pensheni, wiki hii hii. Na mbunge wako anapojadili fidia ya shambulio lolote, mwandikie adai kipengele kinachouliza nani waliishi pamoja na nani alimtegemea nani. Ukurasa mmoja wenye saini yako unatosha kuanzia.