MASHINI IKICHUKUA KAZI YA KIJANA, WAKILI MZEE ATATOKA WAPI?



Siku hizi mashini za akili bandia zimeingia katika ofisi za mawakili, na wako watu wasemao, "Hayo ni mambo ya wenye tai. Sisi wa reli yatuhusu nini?" Yatuhusu sana. Mfanyakazi akifukuzwa kazi bila haki, wakili ndiye amtetea mbele ya jaji. Na nyuma ya wakili mkubwa yuko kijana wa mshahara, asomaye mafaili, atafutaye hukumu za zamani, na kuandika barua za kwanza. Huyo ni mfanyakazi kama mimi na wewe.

Kazi zake hizo ndizo mashini inazozitaka. ChatGPT ilitolewa kwa watu Novemba 2022. Februari 2023 kampuni kubwa ya mawakili ya London, Allen & Overy, ilitangaza kwamba mawakili wake watatumia mashini ya namna hiyo, iitwayo Harvey. Mwaka huo huo benki ya Goldman Sachs ilikisia kwamba asilimia 44 ya kazi za sheria Marekani zaweza kufanywa na mashini.

Mimi sisemi mashini ni mbaya. Kusoma karatasi elfu nzima kutafuta neno moja si raha. Lakini kazi ile ilikuwa shule. Sisi wa reli twajua jambo hili. Zamani za injini za mvuke kijana alianza kwa kusafisha injini, kisha akachochea moto, na baada ya miaka mingi akawa dereva. Hakuna aliyezaliwa dereva. Hapa Kenya mwanafunzi wa uwakili hukaa miezi 6 chini ya wakili mzoefu kabla ya kuapishwa. Kama kazi ya kujifunzia yote imepewa mashini, miezi hiyo atajifunza nini? Kubeba mafaili na kuchemsha chai?

Tena mashini hizi husema uongo bila haya. New York, mwaka 2023, mawakili wa mtu aliyeishtaki kampuni ya ndege Avianca walipeleka kortini kesi ambazo hazikuwako duniani. ChatGPT ndiyo iliyozitunga. Jaji aliwatoza faini ya dola 5,000. Aliyeiuliza mashini alikuwa wakili wa miaka 30! London, Juni 2025, majaji walikuta kwamba katika shauri moja zilitajwa kesi 45, na 18 kati yake hazikuwako. Ikiwa mzee wa kazi hudanganywa, je, kijana ambaye hakupata kusoma hukumu hata moja kwa macho yake mwenyewe, atautambuaje uongo? Na atakayeumia si mashini. Ni mtu maskini aliyepeleka kesi yake.

Wenye ofisi hujibu kwamba kazi itakuwa upesi na rahisi. Vema. Basi nauliza: kazi ya saa 10 ikifanywa kwa saa 1, ada ya mteja itapunguzwa? Mshahara wa kijana utaongezwa? Au faida yote itaingia mfuko mmoja? Faida haijigawi yenyewe. Hugawanywa kwa mapatano.

Na mapatano yawezekana. Mwaka 2023 chama cha waandishi wa filamu wa Marekani kiligoma siku 148. Walirudi kazini na mkataba unaosema mashini haihesabiwi kuwa mwandishi, na kwamba kampuni haiwezi kumlazimisha mwandishi kuitumia. Hawakuivunja mashini. Waliiwekea sheria.

Mawakili vijana wafanye vivyo hivyo. Wadai kwamba kila ofisi inayotumia mashini iendelee kuchukua wanafunzi na kuwalipa, kwamba kila karatasi ya mashini isomwe na mtu aliyefundishwa kazi, na kwamba mzee akae na kijana kumwonyesha kosa liko wapi. Nasi tuwaunge mkono, maana miaka 20 ijayo ni hao tutakaowahitaji kortini.

Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Leo wembe uko kwa karani wa wakili. Chama chetu kisingoje ufike kwetu. Katika mapatano yajayo na mwajiri tuandike wazi: mashini ikija, nafasi ya mwanafunzi ibaki.