Vichwa Havikuanguka Vyenyewe

Kuna picha nimechoka nayo. Umeiona. Mtu kasimama kule Ayutthaya, Thailand, mbele ya safu ya sanamu za Buddha zisizo na vichwa, mkoba mkubwa mgongoni, na chini yake kaandika kitu kuhusu muda unaomeza kila kitu. Mjuaji zaidi hujipanga nyuma ya sanamu ili kichwa chake kikae juu ya ile shingo iliyokatwa. Watu wanacheka. Na si wazungu tena peke yao. Ni watu wetu wa Nairobi, tumeomoka kidogo tu tukaiga mpaka ujinga.

Wacha niseme wazi: muda haukati shingo. Muda unakwangua, unaotesha nyasi, unainamisha mnara. Jeshi la Burma liliuteketeza mji huo 1767, na vita viliharibu mengi, sikatai. Lakini vichwa vingi viliondoka baadaye kimya kimya, kwa sababu kichwa kinabebeka na kuna tajiri mahali alitaka kimoja sebuleni kwake. Mwaka wa 1957 wezi walichimba mpaka chumba kilicho chini ya mnara wa Wat Ratchaburana wakabeba dhahabu. Huko Phanom Rung, kizingiti kizima cha mawe kilipotea miaka ya 1960, kikaonekana kwenye jumba la sanaa Chicago, kikarudi 1988 baada ya Wathai kupiga kelele kwelikweli. Niliacha chuo mwaka wa tatu, sina shahada ya mambo ya kale, lakini wizi nautambua nikiuona. Ukiandika "muda" pale, unamfichia mwizi.

Na sisi ndio tungepaswa kujua kuliko wengine. Vigango vya Wamijikenda, nguzo za kuwakumbuka wazee wa Gohu, viling'olewa vikauzwa mpaka Marekani. Thelathini vilirudi kutoka jumba la makumbusho la Denver mwaka wa 2019. Sasa fikiria mtalii kutoka Bangkok afike Kaloleni, aingie kwenye shimo alimotolewa kigango, anyooshe mikono ajifanye nguzo, rafiki yake ampige picha. Ungemfanyia nini? Usinidanganye.

Pale Wat Mahathat kuna kichwa kimoja kilichokumbatiwa na mizizi ya mti, na kibao kinakuomba uchutame ili kichwa chako kisipite cha Buddha. Watu wanachutama, picha inatoka poa, kisha wanapiga hatua chache kwenda kwa zile shingo. Heshima yao inaishia kibao kinapoishia. (Hapa Nairobi nimeona kichwa cha Buddha cha plasta kando ya sinki la spa moja. Bangkok kuna mabango makubwa yanayosema Buddha si pambo.)

Halafu twende sokoni, ambako ndiko hasira yangu hupanda hasa. Huyu msee aliyelipia ndege bila kuuliza mtu, sokoni anapigania baht 20. Ni kama shilingi 80. Anaita hiyo kuishi kama wenyeji. Manze, mwenyeji gani? Gikomba nimekulia, kubishana bei najua, na najua pia ni mchezo wa watu wawili: muuzaji anataja ya juu akijua utaikata. Mama aliyeandika bei ya tambi zake kwenye kadibodi hachezi na wewe. Ameshakuambia. Ukimkatia hapo, unamkatia unga wa jioni, halafu unaenda kujisifu mtandaoni kwamba Thailand ni rahisi. Rahisi kwa nani?

Ayutthaya wanauza roti sai mai, chapati nyembamba unazokunja na nyuzi za sukari, na wengi wa wauzaji ni Waislamu. Nilimtolea salamu mmoja, akaitikia, akanitajia bei ileile aliyomtajia Mthai aliyenitangulia kwenye foleni. Nyuma yangu kijana mwenye mkoba alikuwa tayari ametoa simu, anapiga hesabu ya kuomba apunguziwe.