Mtoto Aliyenyamaza Asikilizwe

Mfanyakazi wa zamu hurudi nyumbani amechoka. Akiambiwa kuwa mwanawe ametoroka shule, au kwamba mtoto wa miaka 9 aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani ameanza tena, upesi hushika fimbo. Lakini fimbo haiulizi sababu. Huenda mtoto huyo ni mgonjwa, amefiwa, anaonewa njiani, au kila usiku anasikia ugomvi wa baba na mama. Akichapwa hunyamaza, na wazazi hudhani kuwa amepona.

Jambo hili si dogo. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2009, uliotangazwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana wa Tanzania Bara, wa kike na wa kiume, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa mwili kabla ya kutimiza miaka 18. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekataza adhabu ya kikatili. Lakini sheria peke yake haimfundishi mzazi la kufanya badala ya fimbo. Hapo ndipo anapohitajika mwanasaikolojia.

Wengi humwogopa mtaalamu huyu wakidhani kuwa aendaye kwake ni mwendawazimu. Sivyo. Yeye hatoi dawa. Hiyo ni kazi ya daktari. Kazi yake ni kusikiliza na kuongoza. Huwauliza wazazi habari za nyumbani, kisha humpa mtoto nafasi ya kucheza na kuchora, kwa maana mtoto mdogo huonyesha kwa mikono yale asiyoweza kuyasema. Akipata ruhusa ya wazazi huzungumza na mwalimu. Siri huitunza, isipokuwa mtoto akiwa hatarini.

Mzazi naye hufundishwa: kuweka amri chache zisizobadilika kila siku, kusifu jema mara linapotendwa, na kungoja hasira ipoe kabla ya kuadhibu. Haya hayahitaji fedha, yahitaji subira.

Wako watakaosema kwamba hii ni anasa ya matajiri. Twawajibu kwamba tajiri aweza kumlipa mtaalamu popote alipo. Mtoto wa kuli na wa mkulima ndiye anayekosa, kwa kuwa wataalamu hawa ni wachache, na wengi wao wako mijini. Huduma inayowafikia wenye fedha peke yao si haki.

Kwa hiyo twatoa rai. Serikali na izidi kuajiri wanasaikolojia katika hospitali za wilaya, ili shule za jirani zipate pa kuwapeleka watoto. Vyama vya wafanyakazi, vinapojadiliana na waajiri, vidai ruhusa yenye malipo kwa mzazi anayempeleka mtoto kwa mtaalamu. Maana ushauri hauwezi kufaa ikiwa mzazi hayupo. Nao viongozi wa matawi wawaeleze wananchi kwamba ipo simu ya mtoto, namba 116, isiyotozwa malipo, ya kutoa habari za mtoto anayeteswa.

Wazee wetu walisema samaki mkunje angali mbichi. Walisema mkunje, hawakusema mvunje. Mzazi anayeomba msaada hajashindwa kulea. Anatimiza wajibu wake kwa mwanawe na kwa taifa.